Mashine ya kupimia presha nyumbani: tathmini baada ya miezi 18 ya matumizi

Nilinunua mashine hii mwaka niliotimiza miaka 58, siku chache baada ya muuguzi kunipima na kukuta namba ya juu imefika 152. Nilimweleza kwamba nilikuwa nimepanda ngazi mbio na kwamba usiku uliotangulia sikulala vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Inawezekana kabisa, mzee wangu. Ndiyo maana nakuomba ujipime nyumbani wiki nzima ukiwa umetulia, halafu uje na namba zako tuzitazame pamoja." Nilitoka pale nikitambua kwamba nimekaribia miaka 60 bila kuwa na hata namba moja ya presha yangu niliyoiandika mahali. Tangu hapo mashine imetumiwa na watu watatu nyumbani kwetu: mimi, mke wangu, na mama yangu mzazi mwenye umri wa miaka 81. Nadhani muda huo unatosha kuieleza kwa haki, uzuri wake na upungufu wake.

Ni mashine ya kielektroniki ya kawaida, yenye mkanda unaofungwa juu ya kiwiko, mpira mwembamba wa kupitishia hewa, na kisanduku chenye kioo, kitufe kikubwa cha kuwashia na nafasi ya betri 4. Inajijaza hewa yenyewe, inaonyesha namba ya juu (presha moyo unaposukuma damu), namba ya chini (presha moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo) na mapigo ya moyo, na inahifadhi vipimo vya watu wawili. Chapa siitaji, kwa sababu karibu yote nitakayoyasema yanahusu aina nzima ya mashine hizi, na anayekwenda kununua atazikuta nyingi zinazofanana nayo.

Makosa mengi ya upimaji yanatokana na kutojua mashine inafanya nini hasa. Mkanda wa kujazwa hewa uliounganishwa na kipimo cha zebaki uliletwa na daktari Mwitaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896, na mwaka 1905 daktari wa upasuaji wa Urusi, Nikolai Korotkov, akaeleza namna ya kusikiliza sauti za damu inapoanza kupita tena mkanda ukilegezwa. Desturi ya kuandika presha kwa milimita za zebaki inatokana na kipimo hicho cha zebaki, ingawa zebaki yenyewe inaondolewa duniani kwa sababu ya sumu yake. Mashine ya nyumbani haisikilizi sauti yoyote. Inahisi mtikisiko mdogo ambao mapigo ya mshipa yanautia kwenye hewa iliyomo mkandani. Mtikisiko unapofika kileleni mashine inakadiria shinikizo la wastani, na kutoka hapo inakokotoa namba ya juu na ya chini kwa fomula ya mtengenezaji wake. Ukielewa hilo, utaelewa pia kwa nini kutikisa mkono, kukohoa au kuzungumza kunaivuruga, na kwa nini mtu ambaye moyo wake haupigi kwa mpangilio anahitaji kurudia vipimo mara kadhaa na kuwa na uangalizi wa daktari. Utaelewa vilevile kwamba mashine mbili zenye sura moja zinaweza kutofautiana sana kwa usahihi, kwa kuwa fomula zake hazifanani.

Kuhusu haja ya kuwa na kifaa hiki, sitasema mengi. Presha ya kupanda kwa kawaida haiumi wala haina dalili, na Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wanaoishi nayo wamezidi bilioni 1.2, karibu nusu yao wakiwa hawajui. Kadiri umri unavyosonga, mishipa mikubwa ya damu hukakamaa, hivyo namba ya juu huendelea kupanda huku ya chini ikianza kushuka mtu akishavuka miaka ya 50. Nimewasikia watu wa rika langu wakijifariji kwamba ya chini iko sawa, ilhali katika umri wetu ni ile ya juu inayotuonya zaidi kuhusu kiharusi, moyo na figo.

Sasa nije kwenye mkanda, kwa sababu hapo ndipo mashine hii iliponiangusha, na ndipo ninapoona wanunuzi wengi wakipotea bila kujua. Kwa wiki 3 za mwanzo nilijipima kwa uaminifu mkubwa na kupata wastani wa 147 kwa 87. Nilikuwa nimekwisha kukubali kwamba hali ni mbaya kuliko nilivyodhani, mpaka mke wangu, ambaye ni mshonaji, aliponitazama nikihangaika kuufikisha mkanda mwisho, akachukua futi yake ya kitambaa na kunizungushia katikati ya mkono, kati ya bega na kiwiko. Ilisoma sentimita 35. Kisha akaugeuza mkanda na kunionyesha maandishi madogo yaliyochapwa ukingoni kwa rangi ya kijivu juu ya kitambaa cha kijivu: sentimita 22 hadi 32. Nilikuwa najipima kwa mkanda usio wangu. Tulinunua mkubwa zaidi, wa mtengenezaji yuleyule, na wiki iliyofuata wastani ukawa 141 kwa 83. Presha yangu ilikuwa bado juu, lakini zile pointi 6 zilikuwa za mkanda, wala hazikuwa za mishipa yangu.

Haya hayakunipata mimi peke yangu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2023 uliwapima watu kwa mkanda wa ukubwa wa kawaida na kwa ule unaowafaa. Waliohitaji mkubwa walisomewa takriban pointi 5 zaidi ya kweli kwa namba ya juu, na waliohitaji mkubwa kupita wote walisomewa karibu pointi 20 zaidi. Mtu anaweza kuanzishiwa dawa kwa kosa la namna hiyo. Mkanda uliozidi mkono nao hudanganya kwa kushusha namba, na jambo hilo linawahusu wazee waliokonda kama mama yangu, ambaye mkono wake una sentimita 23 na anatumia ule wa kwanza. Ninawalaumu watengenezaji kwa hili bila kigugumizi: kifaa cha afya kinauzwa na mkanda wa saizi moja, na kipimo ambacho ndicho ufunguo wa usahihi wake wote kinaandikwa kwa herufi ambazo mtu wa umri unaokihitaji hawezi kuzisoma. Kabla ya kununua, pima mkono wako kwa futi, na usikubali kupewa mashine ambayo mkanda wake haufiki huko.

Namna ya kuufunga nayo ina utaratibu wake. Mkono uwe wazi, bila nguo chini ya mkanda, na mkono wa shati usikunjwe juu ukabana kama kamba. Ukingo wa chini wa mkanda ukae vidole viwili juu ya kunjo la kiwiko, na alama iliyochorwa, ambayo katika mashine yetu ni mshale mweupe, ielekee upande wa ndani wa mkono unakopita mshipa unaodunda. Ukishaufunga, vidole viwili vipite chini yake bila kulazimisha. Mara ya kwanza haya yote yalinichukua dakika kadhaa. Leo mkono unajua wenyewe.

Kinachobaki ni mkao, na hapa mashine haina lawama, kwa maana kijitabu chake kimeeleza vizuri. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili ikanyage sakafu bila kupishana, mkono uegemezwe mezani ili mkanda uwe usawa wa moyo, na utulie dakika 5 kabla ya kubonyeza kitufe. Uwe umeshakwenda haja ndogo, na kwa nusu saa iliyotangulia usiwe umevuta sigara, umekunywa kahawa wala umefanya mazoezi. Niliwahi kujiuliza kama mkono kuning'inia kunaleta tofauti ya maana, nikajaribu siku moja: mezani nilipata 134, na mkono ukiwa umelegea ubavuni nikapata 143. Sababu yake ni uzito wa damu yenyewe, kwani kila sentimita 10 ambazo mkanda unashuka chini ya moyo zinaongeza takriban milimita 7 hadi 8 za zebaki. Siku nyingine mke wangu alichungulia mlangoni akauliza, "Baba, ufunguo wa stoo uko wapi?" Nikamjibu wakati mkanda unajaa, na kioo kikaandika 149. Tulikaa kimya dakika chache, nikarudia, ikawa 136. Tangu hapo anayeniona nimefunga mkanda ananipungia mkono tu na kupita.

Ratiba tuliyopewa na daktari ni ile inayotumiwa sana na wataalamu wa presha: vipimo viwili asubuhi kabla ya dawa, vikipishana kwa dakika moja, viwili jioni, kwa siku 7. Siku ya kwanza inaachwa kwa kuwa mtu bado ana wasiwasi wa ugeni, na zinazobaki zinatafutiwa wastani. Nyumbani kiwango kinachohesabiwa kuwa presha ya kupanda ni 135 kwa 85, ambacho kiko chini kidogo ya 140 kwa 90 ya hospitalini, kwa kuwa watu wengi hupanda wakiwa mbele ya mhudumu. Wapo waliotumia dawa za kuwazidi nguvu kwa ajili ya presha inayopanda mbele ya koti jeupe tu. Wapo pia, na hawa wananitia hofu zaidi, ambao hospitalini wako sawa ilhali nyumbani wako juu kila siku. Hawa wa pili, bila kifaa kama hiki au mashine ya kuvaa saa 24, hakuna atakayewajua.

Kumbukumbu ya mashine ilinikatisha tamaa. Betri zikitolewa saa na tarehe hufutika, na kitufe cha kubadilisha mtumiaji ni kidogo na kiko pembeni, hivyo mara tatu vipimo vya mama viliingia kwenye vyangu, na mara moja daktari alikaribia kunishangaa kwa namba ambazo hazikuwa zangu. Tuliacha kuitegemea tukarudi kwenye daftari. Ukurasa mmoja kwa kila mtu, tarehe, saa, namba ya juu, namba ya chini, mapigo, na safu ya mwisho ambayo niliiongeza mwenyewe: jana ilikuwaje.

Safu hiyo ndiyo iliyonifanya niipende mashine hii kuliko nilivyotarajia, kwa sababu iliyafanya mambo madogo ya kila siku yaonekane. Zamani niliyasikia maneno ya chumvi, usingizi na kutembea kama mtu anavyosikia tangazo. Kwenye daftari yalianza kuwa na uso. Wiki ambayo goti lilinisumbua na nikawa nameza ibuprofeni mara tatu kwa siku, wastani wangu ulipanda kwa pointi 7. Daktari alipoliona akaniambia kwamba dawa za kundi hilo huufanya mwili ubakize chumvi na maji, na zinaweza kupandisha presha na kuzipunguzia nguvu dawa za presha. Nisingelijua hilo kamwe, maana dawa ya maumivu ya goti hakuna anayeihesabu kuwa na uhusiano na moyo. Usiku niliopata usingizi wa muda wa saa 4 au 5 tu ulijitokeza asubuhi yake bila kuficha. Chumvi ilichelewa kujionyesha, kwani siku moja haithibitishi lolote, lakini tulipoamua nyumbani kuiondoa mezani na kukaribia kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, yaani chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, ambayo ni kama kijiko kimoja kidogo cha chai kwa vyakula vyote pamoja, wastani wa mke wangu ambaye hatumii dawa yoyote ulianza kushuka wiki baada ya wiki. Kutembea nako kulianza hivyo. Nilianza kwa dakika 20 kwa siku, nikafika dakika 150 kwa wiki zinazoshauriwa kuwa za chini kabisa, na baadaye nikazipita.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba mashine iliniponya. Baada ya miezi 6 wastani wangu ulikuwa 131 kwa 79, na katika kipindi hicho nilikuwa nimeanzishiwa pia dawa moja ambayo naimeza mpaka leo. Siwezi kutenganisha kilicholetwa na dawa na kilicholetwa na miguu yangu, na daktari alinisihi nisijaribu kutenganisha kwa kuacha kimojawapo. Nimewaona watu wakiona 128 kwenye kioo wakatangaza kwamba wamepona, wakaacha dawa, na namba zikarudi. Namba nzuri inaonyesha kwamba mpango unafanya kazi.

Kwa mama, mashine ilifanya kazi ambayo sikuinunulia. Kwa miezi mingi alikuwa akilalamika kwamba anapoinuka kitandani nyumba inamzunguka, na mara moja alishika ukingo wa kabati kwa bahati tu. Tulidhani ni uzee. Muuguzi alitufundisha kumpima akiwa amekaa, kisha asimame nikiwa nimemshika, na kumpima tena dakika ya 1 na ya 3. Akiwa amekaa alikuwa 148 kwa 76. Akisimama, 121 kwa 68. Kushuka kwa pointi 20 au zaidi kwa namba ya juu, au 10 kwa ya chini, ndani ya dakika 3 za kusimama ni hali yenye jina katika tiba na yenye hatari yake, kwa kuwa mzee akianguka na kuvunjika nyonga maisha yake yanaweza kubadilika moja kwa moja. Daktari alizipitia dawa zake zote, akapunguza dozi ya moja na kubadilisha saa ya nyingine, na akamshauri akae ukingoni mwa kitanda kidogo kabla ya kusimama. Kizunguzungu kimepungua sana. Ninaandika haya kwa msisitizo kwa sababu kijitabu cha mashine hakina hata sentensi moja kuhusu kupima mtu akiwa amesimama, na kwa nyumba yenye mzee ningeliona hilo kuwa la kwanza kuchapwa.

Mama hata hivyo haipendi. Mashine hii inajaza hewa kupita kiasi kabla ya kuanza kushusha, na akitikisika kidogo inajaza upya, juu zaidi ya mwanzo. Ngozi yake nyembamba iliwahi kubaki na alama nyekundu hadi jioni. Zipo mashine zinazopima wakati mkanda unajaa na kuacha mara zinapopata jibu, na kama ningekuwa nanunua kwa ajili yake peke yake ningetafuta ya namna hiyo. Kioo, kwa upande mwingine, kina tarakimu kubwa anazozisoma bila miwani. Kuna pia alama ya moyo inayowaka mapigo yakiwa hayana mpangilio. Kwangu iliwaka mara moja kwa sababu nilikohoa. Kwa mke wangu iliwaka mara 4 katika wiki moja, akaenda kufanyiwa kipimo cha umeme wa moyo, kikatoka salama. Alama hiyo haisemi ugonjwa, lakini ikijirudia ifuatilie, kwa sababu moyo kutopiga kwa mpangilio ni mojawapo ya njia za kiharusi.

Kuna dhara moja ambalo muuzaji hatalitaja. Mwezi wa pili mke wangu alianza kujipima mara 8 au 9 kwa siku. Akiona 138 anaogopa, hofu inaipandisha, anapima tena, anaona 144. Tulikubaliana mashine ikae kwenye droo, itoke wiki moja kila mwezi, na nje ya hapo itoke kwa sababu tu. Sababu hiyo tumeiandika ndani ya jalada la daftari: ikifika 180 kwa 120, tulia dakika chache na kurudia, ikibaki hapo bila dalili yoyote, mtafute daktari siku hiyohiyo, ikiwa pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, upande mmoja kulegea, maneno kukatika au macho kutoona vizuri, hospitali mara moja bila kusubiri kipimo cha pili.

Kwa anayetaka kununua, nashauri ya kufunga juu ya kiwiko. Ile ya kifundo cha mkono nilikopeshwa kwa wiki mbili. Ni nyepesi na haibani, lakini ukiishusha au kuiinua kidogo tu kutoka usawa wa moyo namba zinakimbia, na sikuweza kuiamini. Hakikisha pia kwamba modeli yenyewe imethibitishwa na wataalamu huru kwa kulinganishwa na kipimo cha kusikiliza. Zipo orodha za wazi mtandaoni za modeli zilizopita, na mashine nyingi zinazouzwa duniani hazimo. Mara ya kwanza jipime mikono yote miwili, kisha baki na ule unaosoma juu zaidi, na zikipishana kwa pointi 10 au zaidi kila mara, mwambie daktari. Vipengele vya kuunganisha na simu sikuvihitaji.

Kila mwaka naichukua mashine kwenye begi naenda nayo kliniki, tunapima kwa yao na kwa yangu mkono uleule. Mwaka jana zilipishana kwa pointi 3, jambo lililoniridhisha. Sasa sehemu ya kunata ya mkanda mkubwa imeanza kuchoka. Mara mbili wiki iliyopita ilifunguka hewa ikiwa imejaa, na kioo kikaandika alama ya kosa badala ya namba. Nimeagiza mkanda mpya wa sentimita 32 hadi 42, na vipimo vya mwezi huu nimevisogeza mbele mpaka utakapofika.